Miguu ya Nguzo

4 Machi

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kwamba kiatu cha kushoto cha Nguzo hatunacho tena. Kimetutoka leo mchana studioni baada ya kuugua soli kwa muda mrefu, kikiwa katikati ya ngazi, wakati mwenyewe anapanda kwenda kumfokea meneja wa machimbo. Kimeacha mjane mmoja, kiatu cha kulia, ambaye bado hajaambiwa. Mipango inafanyika kwa fundi viatu.

Sehemu iliyobaki nimeimalizia kwa kugonga ubao kwa kiganja. Meneja amefokewa na mtu wa mguu mmoja, na hakuna msikilizaji aliyepiga simu kulalamika.

Niandike na hili, nisije nikalisahau mwenyewe nikizeeka zaidi ya hapa. Nguzo ndiye mtu mkubwa wa mchezo wetu wa redio, msimamizi wa machimbo ya mawe, ambaye hajawahi kukosea tangu mchezo uanze. Sauti yake ni ya kaka yangu. Maneno yake ni ya Mtunzi. Miguu ni yangu. Natembea kwa niaba yake kwenye beseni la kokoto, kwenye ubao na kwenye gunia la mchanga, huku kaka amesimama mbele ya maikrofoni, mkono mfukoni, hajachoka hata kidogo. Milango, vikombe, makofi ya usoni na mbwa pia ni mimi. Studioni wananiita Mama Milango.

6 Machi

Mvua imeanza. Studio yetu zamani ilikuwa ghala la mbegu. Kuta wamezivika magodoro, lakini paa ni la mabati, na mabati hayana adabu. Ikinyesha, kila mtu anasikika kama anaongea ndani ya pipa linalopigwa. Mkuu wa vipindi ametoa uamuzi ule ule anaoutoa kila masika: kwa kuwa mvua haiwezi kutolewa studioni, iingizwe kwenye hadithi. Kwa hiyo kila ukurasa sasa unaanza na "mvua kubwa inanyesha". Machimbo ya Nguzo yamejaa maji, wachimbaji wako majumbani wanagombana na wake zao, na Nguzo amelowa tangu jana.

9 Machi

Mtunzi wetu ni mpya. Yule wa zamani amestaafu na anafuga kuku, na anasema kuku wanasikia maelekezo kuliko waigizaji. Huyu ni kijana, amesomea kazi hii, ana miwani mikubwa na tabia ya kujikuna shingo akifikiri. Leo ametukusanya sote na kutangaza kwamba Nguzo ni mhusika bapa.

"Bapa maana yake nini?" kaka akauliza.

"Hakui, mzee. Tangu sehemu ya kwanza mpaka leo ni yule yule. Anaingia akiwa sahihi, anatoka akiwa sahihi. Nguli wa hadithi anatakiwa aingie mlango mmoja atokee mwingine, akiwa si mtu yule aliyeingia. Inabidi awe duara."

Kaka akajishika tumbo. "Duara? Mimi duara tangu nifikishe miaka hamsini."

Tulicheka wote isipokuwa Mtunzi, ambaye aliandika. Kisha kaka akasafisha koo na kuongea kwa sauti ya Nguzo, ile inayoyatetemesha madirisha: "Kijana. Nguzo ikianza kukua, paa linakwenda wapi?"

Kikao kikaishia hapo. Mimi nilibaki kwenye kokoto zangu. Habari za milango miwili nimezisikia, ila mimi ninao mmoja tu, umefungwa kwenye fremu ya mbao pale pembeni, na wote wanaoingia na wote wanaotoka wanapitia huo huo.

10 Machi

Mvua. Nguzo ameokoa mbuzi.

15 Machi, Jumapili

Nimekwenda kwa binti ya kaka, ng'ambo ya bonde. Njia imekuwa uji. Ukifika kwake unajikwangua matope ukingoni mwa kizingiti kabla hujabisha hodi, la sivyo utamwachia shamba zima sebuleni.

Binti huyu ni wa pekee. Mama yake alitutoka mapema, kwa hiyo nywele zake nimezisuka mimi mpaka alipojua kuzisuka mwenyewe. Mumewe ni fundi wa pampu za maji, mtu mpole, na sasa wamemhamisha kikazi kwenda mbali kabisa, huko ambako safari inakula siku mbili. Wataondoka njia ya bondeni ikikauka kiasi cha lori kupita.

"Shangazi, baba hajambo?"

"Hajambo. Kikohozi kidogo tu."

"Anakohoa au anasafisha koo?"

"Anasafisha koo."

"Basi hajambo."

Kaka na binti yake hawasemeshani. Chanzo ni chumvi. Siku wakwe walipokuja kula chakula, kabla ya ndoa, kaka aliomba chumvi kwa sauti ya Nguzo, kama mtu anayeamuru mlima ulipuliwe. Binti akasema, "Baba, hapa si redioni." Wakwe wakaangua kicheko. Kaka akainuka, akachukua kofia, akaondoka, chumvi ikiwa bado mkononi mwa mkwe. Siku ya harusi alisema ana kurekodi. Hakukuwa na kurekodi. Studio nafungua mimi.

Leo nilimuuliza Binti kama anataka nimpelekee baba yake neno lolote. Alikuwa anakunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Njia anaijua. Lori likija kabla yake, basi tena, shangazi. Sitarudi kumtafuta. Nimechoka kuwa mtoto peke yangu, na yeye hataki kuwa baba."

Nilirudi nikiwa na matope mpaka magotini.

19 Machi

Nimempa kaka habari za uhamisho.

"Lini?"

"Njia ikikauka."

"Njia mbovu," akasema kwa sauti ya Nguzo.

"Mimi nimepita Jumapili."

"Wewe una miguu."

Ninayo, ndiyo. Na yake pia ninayo mimi.

23 Machi

Mvua. Kiatu kimerudi kutoka kwa fundi kikiwa na soli ya tairi la pikipiki. Nguzo sasa anatembea kama mtu anayenyatia kuku.

27 Machi

Leo nimefanya jambo, na sijui kama ni jema.

Nilimkuta Mtunzi peke yake kwenye kijumba cha chai, amelaza kichwa juu ya karatasi. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watu wanaojua kila kitu, lakini mtu anayejua kila kitu halali kwenye meza yenye makombo. Mkuu wa vipindi amempa hadi mwisho wa masika ambadilishe Nguzo au aondoke yeye.

"Mhusika habadiliki kwa kuambiwa, Mama," akaniambia. "Lazima kuwe na kitu anachokitaka sana, na kitu kinachomzuia, na vyote viwili viwe ndani yake mwenyewe. Huyu wenu anataka nini? Kila anachotaka anakipata kabla ya tangazo la sabuni."

Nikamimina chai yangu kwenye kisahani ipoe. Nikasema, kama mtu anayewaza tu, "Mpe binti."

"Binti yupi?"

"Aliyemfukuza. Au tuseme baba mwenyewe ndiye aliyejifukuza mbele yake. Siku moja wageni wamekuja, Nguzo kaomba sukari kwa sauti ya machimboni, binti kamwambia hapa si machimboni, wageni wakacheka. Mzee kanuna mpaka leo. Sasa binti anahama."

Chumvi niliigeuza sukari, kwa ajili ya faragha.

Mtunzi akaacha kujikuna shingo. "Mama, umelitoa wapi hili?"

"Nakaa sana na milango."

Nilichofikiri ni hiki. Kaka anazungumza kama Nguzo mezani, kitandani na kwa fundi cherehani. Basi Nguzo akiomba radhi, na maneno yakapita kwenye koo la kaka, lazima yaache doa. Kanga mpya ukiifua pamoja na shuka jeupe, shuka halitoki jeupe. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote.

2 Aprili

Mvua. Mwenye tangazo la sabuni ameniuliza kama naweza kuipunguza kidogo. Nikadhani ananitania. Kumbe muda wote anadhani ni mimi.

6 Aprili

Karatasi zimetoka. Kaka amesoma akiwa amesimama, halafu akakaa, kitu ambacho hakifanyi studioni kwa sababu ya suruali.

"Nguzo haombi msamaha," akasema.

"Ndiyo maana ataomba," Mtunzi akasema.

"Watu wanatuandikia kwamba wanalea watoto wao kwa maneno ya Nguzo. Leo unataka aende kwenye mlango wa mtoto aliyemzaa, amelowa, aseme nilikosea? Sukari! Mtu mzima analia kwa ajili ya sukari!"

"Si sukari, mzee."

"Imeandikwa hapa. Sukari."

Akaniangalia. Mimi nilikuwa natafuta kitu ndani ya beseni la kokoto. Tulipotoka akanishika mkono. "Nani kamwambia huyu kijana?"

"Kakwambia nani kwamba kaambiwa? Kila mtu ana binti."

"Mimi sisomi," akasema, akaenda zake kwa mwendo ambao, kwa mara ya kwanza, ulikuwa wake.

8 Aprili

Kaka hajaja kazini. Nimempelekea dawa ya kikohozi ambayo hana haja nayo, nikazungumzia mambo mengine, bei ya mkaa, jirani aliyeezua choo. Nikiwa mlangoni nikasema, "Yule kijana wa habari za michezo wamemjaribu leo."

"Kumjaribu nini?"

"Nguzo. Ana sauti nzito, maskini, ingawa anatamka kama ana kiazi mdomoni. Ile sehemu ya msamaha ameisoma. Mkuu wa vipindi alifurahi."

Kaka akawa anasoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Hakuna aliyejaribiwa. Kijana wa michezo yuko likizo.

9 Aprili

Kaka amekuja kazini kabla yangu. Nimemkuta amesimama nje, anasubiri nimfungulie.

13 Aprili

Mvua ilitufungia chini ya upenu wa studio, kaka na mimi, baada ya wengine kukimbilia makwao. Maji yalikuwa yanashuka kwenye mabati kama pazia, na hapakuwa na pa kwenda wala mtu wa kusikiliza. Labda ndiyo sababu akaongea kwa sauti yake mwenyewe. Sikuwa nimeisikia muda mrefu. Ni nyembamba, ina mkwaruzo kidogo, kama kiti kinachovutwa chumba cha pili.

"Unakumbuka nilipokuwa nauza tiketi dirishani?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nakuletea chakula."

"Siku nzima nilikuwa nasema 'anayefuata'. Wananyoosha mkono, wanachukua tiketi, wanaondoka. Hata wa kunitukana alikuwa anatukana kioo." Akakinga mkono kwenye maji. "Nikiongea hivi, mdogo wangu, hakuna anayegeuka. Nikiongea kwa ile nyingine, hata mbwa anageuka."

"Binti yako alikuwa anageuka. Tangu hajajua kutembea."

"Binti yangu alinicheka."

"Wakwe ndio waliocheka."

Akafikiri. "Alianza yeye," akasema, lakini kwa upole, kama mtu anayeshikilia jambo ambalo limeshaanza kumchosha mkono.

Nimeishi nikiamini kaka amemvaa Nguzo kwa majivuno. Leo naona amemvaa kama watu wanavyovaa koti la mvua, na mvua yake yeye haina msimu. Nilimwonea huruma. Huruma yenyewe ilinichosha, nikatamani anyamaze, na akanyamaza.

17 Aprili

Tumerekodi.

Shida ilianzia kwangu. Karatasi inasema: "Nguzo anatembea kuelekea mlango wa binti yake. Anatembea kama mtu aliyebadilika."

"Mtu aliyebadilika anatembeaje?" nikamuuliza Mtunzi.

"Sijui, Mama. Wewe ndiye miguu."

Nikajaribu polepole, Mtunzi akasema huyo ni mgonjwa. Nikajaribu haraka, kaka akasema huyo anawahi choo. Nikajaribu bila kiatu chenye tairi, tukapata mwizi. Msomaji wa habari, ambaye ndiye sauti ya binti wa Nguzo, alikuwa anaangalia saa kwa sababu habari zinamsubiri. Basi nikaacha kufikiri Nguzo anatembeaje, nikatembea kama ninavyotembea mimi nikienda ng'ambo ya bonde. Miguu mizito, kikapu mkononi. Nikafika kizingitini, nikakwangua matope, kulia, kushoto. Nikasimama. Nikarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, maana hata mimi huwa narudi nyuma kidogo, sijui kwa nini. Kisha nikasogea tena, nikabisha hodi kwenye mlango wangu wa pekee.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mabati yalikuwa yanapiga kelele zote yalizojaliwa. Kaka akasema:

"Nimekuja kwa miguu. Ningeweza kutuma mtu. Nimetuma watu maisha yangu yote." Hapo palikuwa na hatua moja, nikaipiga. "Mwanangu, hukunitia aibu. Aibu nilikuwa nayo kabla hujazaliwa, wewe uliigusa tu. Mwenye kosa ni mimi. Nifungulie, au usinifungulie, lakini ujue nilikuja."

Msomaji wa habari alilia kwelikweli, akakosa neno lake, Mtunzi akaamua likae hivyo hivyo. Kisha akajipangusa na kwenda kusoma bei za mbolea. Mtunzi alivua miwani. Mimi nilibaki nimesimama kwenye kokoto nimeshika kitasa.

Nilimwangalia kaka. Uso wake ulikuwa umelowa. Nikasema moyoni, doa limeshika.

21 Aprili

Imetangazwa. Simu za stesheni zimezidiwa. Mtu mmoja amepiga akilia, akasema anakwenda kwa mama yake sasa hivi, akauliza kama Nguzo ameshabadilisha nguo zilizolowa.

Sikwenda ng'ambo kumuuliza Binti kama amesikia. Nikiuliza, atajua mkono wangu umo.

23 Aprili

Muuza nyanya amenikamata sokoni. "Nyinyi watu wa redio, mmemfanyia nini Nguzo? Mwanaume mzima! Mume wangu amesikia, ameanza kuniomba radhi kila jioni, mpaka nina wasiwasi amefanya nini."

25 Aprili

Mvua imelegea. Nimekwenda kwa kaka. Nimemkuta amekaa nje, anapokea pongezi za wapita njia kwa kuinua kofia.

"Kaka, njia inaanza kukauka. Unakwenda lini?"

"Wapi?"

"Kwa binti yako."

"Kufanya nini?"

"Kumuomba radhi."

Akaniangalia kama mtu anayekaribishwa chakula na vyombo vimeshaoshwa. "Si nimeshaomba? Nchi nzima imesikia."

"Aliyeomba ni Nguzo."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Kaka, huyo ni mtu wa karatasi!"

"Wa karatasi, lakini machozi yalikuwa ya nani? Uliyaona mwenyewe. Yale niliyatoa wapi, dukani?" Sauti ya Nguzo ilikuwa imeshaingia, na mpita njia mmoja akasimama kusikiliza. "Nimesema nilikosea. Mimi! Sasa unataka nirudie?"

"Ndiyo. Rudia."

"Marudio ni Jumapili asubuhi," akasema, akainua kofia.

Nimerudi nyumbani nikalala na nguo. Hesabu yangu nilikosea hapa: nilidhani Nguzo akikua, kaka atavutwa naye. Kumbe Nguzo amekula chakula chote peke yake. Amekuwa mtu mwema kabisa, anasifiwa mpaka sokoni, na kaka amekaa kivulini kwake anashiba kwa harufu.

28 Aprili

Nimemwambia Mtunzi ukweli wote, na chumvi nikairudisha mahali pake. Sikuwa na sababu ila kuchoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika kwamba nimemtumia. Akasema tu, "Na wewe, Mama, katika hadithi hii ni mhusika gani?"

"Mimi ni milango," nikasema. "Na soksi za nguli nafua mimi."

Kisha akaniambia kwamba mkataba wake umeongezwa kwa sababu ya sehemu ile, na hana raha nao. Nikampa embe. Ni kijana mzuri. Shingo yake imepona.

3 Mei, Jumapili

Nimeshinda kwa Binti, tumefunga vyombo. Hakusema lolote kuhusu mchezo, nami sikusema. Ukimya wake nikauchukulia kuwa wa mtu aliyesikia na anasubiri. Kila mbwa alipobweka nje, Binti aligeuka.

"Lori ni Jumamosi," akasema.

5 Mei

Jua. Tumerekodi bila mvua na Nguzo amesikika kama amehamishiwa nchi nyingine.

6 Mei

Nimemwambia kaka siku moja tu: Jumamosi. Sikuongeza neno. Zamani ningemtungia kijana wa michezo mwingine. Sina nguvu tena.

9 Mei, Jumamosi

Lori lilifika mapema. Mkwe alikuwa juu anapanga magodoro, dereva anamfokea kwamba kabati litangulie. Mimi na Binti tulikuwa tunabeba beseni la masufuria, kila mtu upande wake, nikamwona ameacha kutembea.

Kaka alikuwa amesimama pale njia inapoingilia uani. Amevaa shati la harusini, lile ambalo hakulivaa harusini. Viatu vimejaa matope, suruali imejaa matope, na hakujikwangua, maana hajui mahali pa kujikwangulia. Tukaweka beseni chini.

"Mwanangu," akasema kwa sauti yake, ile ya kiti kinachovutwa. Akaangalia lori. "Magodoro... mmeyafunika? Huko mbele kunaweza kunyesha."

"Tumeyafunika, baba."

"Vizuri." Akalitazama tena lori. "Kabati lingetangulia."

"Ndicho ninachosema mimi!" dereva akapiga kelele kutoka juu.

Niliona anageuka kuondoka. Naujua mgongo wake, ulikuwa umeshageuka ndani ya shati, bado tu miguu. Na miguu, kwa bahati mbaya, leo haikuwa mikononi mwangu. Kisha akasafisha koo. Kikohozi kile kile anachokohoa taa nyekundu ikikaribia kuwaka. Nikafumba macho, nikasema basi, anakuja Nguzo, na Binti atacheka, na mambo yameisha.

Lakini sauti haikuwa ya Nguzo. Ilikuwa ile nyembamba. Maneno ndiyo yalikuwa ya Nguzo.

"Nimekuja kwa miguu," akasema. "Ningeweza kutuma mtu. Nimetuma watu maisha yangu yote."

Hapo akangoja. Alikuwa anangoja hatua. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka kabla sijajua, nikaushusha polepole kwenye udongo.

"Mwanangu, hukunitia aibu. Aibu nilikuwa nayo kabla hujazaliwa, wewe uliigusa tu. Mwenye kosa ni mimi."

Sehemu ya kufungua mlango aliiruka, kwa sababu mlango ulikuwa umeshang'olewa pazia na upo wazi. Alisimama tu, mikono imening'inia, kama mtu aliyefika mwisho wa ukurasa na kukuta hakuna mwingine.

Binti alimwangalia muda mrefu. Kisha akamwendea, akakiweka kichwa chake kwenye shati lile, akalia kama alivyokuwa analia nikimsuka. Kaka akampigapiga mgongoni kwa namna ya mtu anayezima moto mdogo. "Basi," akawa anasema. "Basi, mama." Hilo halikuwa kwenye karatasi. Mkwe alishuka, akampa mkono mkwewe, na wakabeba kabati pamoja, nalo likatangulia.

Lori lilipopotea tulirudi kwa miguu, kaka na mimi, mpaka katikati ya bonde. Hapo akasimama, akanigeukia. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Nilikuwaje?" akauliza.

Nilijaribu kusikia ni nani anayeuliza. Sikuweza.

"Vizuri," nikasema. Tukaendelea.

10 Mei

Sikuandika. Nimelala.

14 Mei

Binti amepiga simu. Wamefika salama, nyumba ina maji, magodoro hayakulowa. Amesema tangu waondoke anayarudia moyoni maneno ya baba yake, kwamba hakujua mzee ana maneno kama yale, na kwamba mtu hawezi kuyatunga, lazima yatoke ndani. Nikamuuliza, kwani redioni hukuyasikia? Akasema redio yao iliungua siku ya radi ya kwanza.